Kiwambo cha Pumzi

Msukuma baiskeli anayetoka Kabambare na mzigo wa mchele kwenda Kasongo, mashariki mwa Kongo, hufika juu ya kilima akihema. Huegemeza baiskeli, akasema: "Niache nipumuzike kwanza." Kwa neno hilo moja ameomba mapumziko na ameomba hewa, maana pumzi na pumziko ni za shina moja.

Ila akihema hivyo hupandisha mabega na kujaza sehemu ya juu ya kifua tu. Apumue vipi? Mara nyingi huambiwa: "Pumua kwa tumbo." Usemi huo ni mwepesi, lakini unapotosha. Hewa haiingii tumboni. Huingia mapafuni, na tumbo hutoka nje kwa kuwa limesukumwa kutoka juu.

Kinacholisukuma ni msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Waliosoma kwa Kifaransa huujua kama diaphragme. Kamusi za Kiswahili huuita kiwambo, kutokana na kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma hadi ikaze. Nalitetea neno hili. Msuli ukilegea huinuka kama bakuli lililopinduliwa. Ukikaza hushuka na kutandazika kama ngozi ya ngoma, kifua kikapata nafasi, hewa ikaingia. Kwa kuwa sikio nalo lina kiwambo chake, huu tuuite kiwambo cha pumzi, na zoezi lake kupumua kwa kiwambo.

Keti au ulale chali. Weka mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa puani polepole: mkono wa chini uinuke, wa juu utulie. Kisha itoe taratibu, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika zoezi hili anaweza kushuka hadi 6, na mapigo ya moyo yakatulia. Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka: anayevuta hewa nyingi kwa haraka hupoteza kaboni dioksidi kupita kiasi, kichwa kikazunguka na vidole vikafa ganzi.

Huko Kasongo, mji wenye Waislamu tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, mtoto wa chuoni hufundishwa mahali pa kusimama katika Qurani, pumzi isimkatikie katikati ya neno. Mtoto huyo, pamoja na fundi awambaye ngoma, hahitaji Kifaransa ili aelewe kiwambo. Mmoja anajua kazi ya pumzi, mwingine anajua kazi ya ngozi, istilahi imewakutanisha.