Siku Spika Zilipogawanyika

Kwa babu, kijijini, kuna spika mbili za mbao zinazofika kiunoni. Alizinunua kabla mamangu hajaolewa. Krismasi iliyopita nilichomeka simu yangu kwenye amplifaya yake kwa waya niliounua Luthuli Avenue, na spika zikaimba. Hazikuniuliza simu ni ya mwaka gani. Hazikuomba nenosiri. Babu alikaa tu pale, akitikisa mguu, kana kwamba hakuna la ajabu limetokea.

Nimezikumbuka kwa sababu ya kisa kimoja cha Marekani. Januari 2020, watu waliokuwa na spika nzima kabisa, zisizokwaruza wala kukatika, waliambiwa kwamba spika zao zimezeeka. Na kwamba uzee huo ungeambukiza hata zile mpya walizonunua juzi.

Kampuni yenyewe ni Sonos. Ilianzishwa mwaka wa 2002 huko Santa Barbara, California, na wanaume wanne: John MacFarlane, Tom Cullen, Trung Mai na Craig Shelburne. Ndoto yao ilikuwa wimbo mmoja ucheze kila chumba kwa wakati mmoja, bila kupasua ukuta kupitisha nyaya. Leo hilo ni jambo la kawaida. Wakati ule, buda, ilikuwa kama uchawi. iPhone ilikuwa bado haijazaliwa, ndiyo maana bidhaa zao za kwanza zilipotoka mwaka wa 2005, zilikuja na rimoti yao yenye skrini, CR100.

Kazi ngumu haikuwa kucheza muziki. Kazi ilikuwa kuucheza pamoja. Spika ya jikoni ikichelewa nyuma ya ile ya sebuleni hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, sikio linasikia mwangwi, na raha yote imekwisha. Kwa hivyo vifaa vya Sonos viliunda mtandao wao ndani ya nyumba, kila kimoja kikimpitishia mwenzake ujumbe. Ili vielewane, vyote vilipaswa kuwa na toleo moja la programu.

Shika hapo, kwa sababu kesi yote imelala kwenye sharti hilo.

Watu hawakununua spika hizi zote siku moja. Ulianza na moja, mshahara ukiingia unaongeza ya chumbani, mwaka ukiisha unaongeza ya choo kama wewe ni mtu wa maringo. Kampuni yenyewe iliwatia moyo wanunue hivyo. Kwa maneno mengine, kuchanganya ya zamani na mpya ndiyo ilikuwa biashara. Nyumba moja ingeweza kuwa na kifaa cha 2006, spika ya Play:5 ya 2009, na nyingine iliyotoka dukani wiki jana, zote zikiimba sauti moja.

Lakini kila toleo jipya la programu lilihitaji kumbukumbu zaidi na prosesa yenye nguvu zaidi, na vifaa vya zamani havikuweza kuongezewa. Familia nzima ikawa inatembea kwa mwendo wa mzee wao.

Tarehe 21 Januari 2020, Sonos ikatangaza kwamba kuanzia Mei, vifaa vyake vya zamani havingepata masasisho mapya: Zone Player za kwanza, Connect na Connect:Amp za zamani, Play:5 ya kwanza, Bridge na rimoti ya CR200. Baadhi yake vilikuwa vikiuzwa hadi mwaka wa 2015. Na kama ungekataa kukitoa cha zamani kwenye mfumo wako, mfumo mzima, pamoja na spika mpya, ungebaki bila masasisho.

Tayari kampuni ilikuwa na mpango wa kubadilishana: punguzo la asilimia 30 kwenye kifaa kipya. Lakini ili ulipate, ulikiweka cha zamani katika hali iliyoitwa Recycle Mode. Siku 21 zingehesabiwa, kisha kingezimwa milele. Si kuuzwa mtumba, si kumpa binamu. Kizima kabisa, lakini kimekufa.

Watu walichemka, hasa wale waaminifu waliokuwa wamejaza nyumba. Baada ya siku mbili tu, mkurugenzi mkuu Patrick Spence aliandika barua ya kuomba msamaha. Akaahidi kwamba vya zamani vingeendelea kufanya kazi, vingerekebishwa hitilafu na kuzibwa mianya ya usalama kadiri inavyowezekana, na kwamba ingetafutwa njia ya kuvitenganisha na vipya. Machi, Recycle Mode ikaondolewa.

Njia hiyo ilifika Juni 2020: apu mbili. S2 kwa vifaa vipya, S1 kwa wazee. Mwenye mchanganyiko alikuwa na hiari mbili. Abaki S1 na wote, akubali kukosa mapya. Au agawanye nyumba, apu hii na ile, spika za upande mmoja zisiweze kuunganishwa na za upande wa pili katika wimbo mmoja.

Naijua hali hiyo. Nilipoacha chuo, kundi letu la WhatsApp liligawanyika: la wanaohitimu, na la sisi wengine. Tunaishi jiji moja, tunapanda mat zilezile, lakini habari za kule hazifiki huku.

Sisi Wakenya tuliwahi kupitia jambo linalofanana na hili. Februari 2015, mitambo ya analogi ya televisheni ilipozimwa, stesheni kubwa nne zikapotea hewani kwa karibu wiki tatu katika ule mvutano. Lakini TV ya mgongo mkubwa haikufa. Ulinunua king'amuzi, ukakiweka juu yake, na mzee akaendelea kutazama taarifa. King'amuzi kilikuwa mkalimani kati ya vizazi viwili. Sonos ilijenga uzio kwanza.

Tuwe wa haki: hoja ya kampuni ilikuwa ya kweli. Huwezi kumlazimisha mzee abebe mzigo wa kijana, na miaka 15 ni mingi kwa kifaa chenye kompyuta ndani. Ila mnunuzi hakuwahi kuambiwa dukani kwamba anachonunua ni nusu spika, nusu ahadi. Spika ni yako. Ahadi ni ya mwenye programu.

Halafu historia ikacheka. Mei 2024, Sonos ilitoa apu mpya kabisa kwa watu wa S2. Ilikuja bila kengele za kuamsha, bila kupanga foleni ya nyimbo, na hitilafu tele. Kelele zilizofuata zilizidi zile za 2020, na Januari 2025 Spence akaondoka kazini. Na wale wazee wa S1 je? Apu yao ya zamani haikuguswa. Waliendelea kuamka kwa kengele zilezile.

Nilimweleza babu kisa hiki chote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: “Kwa hivyo walinunua, ama walikodisha?”

Sikuwa na jibu. Nikaongeza sauti.