Alama ya Sharti katika Elimu ya Hesabu

Zamani wanahesabu waliandika masharti yao kwa maneno. Fomula ilikwenda mpaka mahali fulani, kisha ikasimama ili mwandishi aeleze: namba hii ikizidi sifuri, fanya hivi, kama sivyo, fanya vile. Maneno hayo hayakuweza kujumlishwa wala kuzidishwa, na kila yalipoingia, hesabu ilikatika.

Guglielmo Libri, Mwitalia aliyezaliwa Florence mwaka 1803 na baadaye kuhamia Ufaransa, alijaribu kuliondoa tatizo hilo katika miaka ya 1830. Alichukua sifuri, akaipa kipeo ambacho nacho ni sifuri yenye kipeo x. Ikiwa x imezidi sifuri, jawabu ni 1. Ikiwa ni sifuri hasa, jawabu ni 0. Werevu wake haukataliki, lakini hesabu hiyo yote ilisimama juu ya dai kwamba sifuri yenye kipeo cha sifuri ni 1, na Cauchy alikuwa amekwisha kuliweka umbo hilo, mwaka 1821, miongoni mwa yale yasiyo na thamani maalumu. Möbius akalitetea dai hilo mwaka 1834, wala mabishano hayakwisha. (Libri mwenyewe alikuja kusifika zaidi kwa wizi wa vitabu vya maktaba: mwaka 1850 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu kifungo cha miaka kumi, naye amekwisha kukimbilia London.)

Mwaka 1962 Kenneth Iverson, Mkanada aliyekuwa katika kampuni ya IBM, alitoa kitabu ambamo sharti lenyewe hugeuka namba: likiwa kweli ni 1, likiwa uongo ni 0. Mathalan, atakaye jumla ya shufwa toka 1 hata 10 huzidisha kila namba k kwa [k ni shufwa]. Witiri zote hufutika, na jumla ni 30. Iverson alitumia mabano ya duara. Ni Donald Knuth aliyependekeza ya mraba, katika makala ya mwaka 1992, kwa kuwa yale ya duara yana kazi nyingine nyingi. Akaongeza kwamba sifuri ya sharti la uongo ina nguvu kupita zote: hata ikizidishwa kwa 1 iliyogawanywa kwa 0, hubaki 0. Na katika makala hiyo hiyo alishikilia kwamba sifuri yenye kipeo cha sifuri haina budi kuwa 1, kama Libri alivyodai.