Ushauri nasaha baada ya Angaza

Watanzania wengi walilisikia kwanza neno "ushauri nasaha" kwenye vituo vya Angaza, vilivyoanza 2001: chumba kidogo, kipimo cha UKIMWI, siri ya watu wawili. Tarime na Serengeti kazi hiyo ina sura nyingine. Sheria ya 1998 ilikataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, ila haikusema atalala wapi akitoroka Desemba, msimu wenyewe. Wakampokea Masanga, kisha Mugumu, kwenye nyumba salama ya Rhobi Samwelly. Msimu ukipita, mshauri huketi na baba, mama, shangazi, pengine na wazee wa inchama. Siri gani hapo? Shahada yangu ya uzamili inafundisha chumba kile kidogo. Kazi ninayoitaka iko uani kwa baba huyo, na barua ya ajira, ikitoka, huenda ikasema "afisa ustawi wa jamii".