Bibi Mwandishi wa Gazeti na Habari za Watumwa

Mgeni afikapo Ujiji huonyeshwa penye miembe, mahali ambapo Bwana Stanley alimkuta Dakta Livingstone mwaka 1871. Wengi husahau kwamba Stanley alitumwa na gazeti la Marekani, New York Herald. Kazi yake ilikuwa kutafuta habari. Zamani zile za Malkia Victoria kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Lakini alikuwako mwanamke mmoja aliyeishika kwa bidii. Hakupata kuliona ziwa letu, na hata hivyo kalamu yake iliyagusa mambo yetu.

Jina lake ni Flora Shaw, binti wa askari wa Kiingereza, aliyezaliwa mwaka 1852. Binti wa nyumba kama ile alitazamiwa kuolewa, au akikosa mume, kufundisha watoto wa wengine. Yeye alianza kwa kutunga hadithi za watoto. Kisha, mwaka 1886, alikwenda Gibraltar, ambako Waingereza walikuwa wamemweka kifungoni Zubayr Pasha wa Sudan, tajiri mkubwa wa biashara ya watumwa. Bibi huyu alimwendea mara kwa mara, akaketi, akasikiliza maisha yake yote, akayaandika. Zubayr alifunguliwa mwaka 1887.

Mwezi wa Novemba 1889 mataifa yalikutana Brussels kushauriana namna ya kuikomesha biashara hiyo katika Afrika. Gazeti la Manchester Guardian lilimtuma Flora Shaw, naye alikuwa mwanamke peke yake kati ya waandishi wa habari. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Mwaka 1893 gazeti la The Times la London lilimfanya mhariri wa mambo ya makoloni. Gazeti lile halikuwa na desturi ya kutaja majina ya waandishi wake, basi msomaji hakuwa na njia ya kujua kwamba maneno yale mazito juu ya Afrika yametoka kwa mwanamke. Pengine ndiyo maana yaliaminiwa upesi!

Mimi namsifu kwa ushujaa wake, lakini si bila kipimo. Aliutetea sana utawala wa Waingereza, na tajiri wa watumwa alipata kwake sikio la subira. Je, wale wanawake waliovushwa ziwa kutoka Manyema, wakashushwa Ujiji, wakatembezwa kwa miguu kupitia Tabora hata Bagamoyo, walimpata nani wa kuketi nao hivyo? Kule Brussels walizungumzwa miezi mingi, wala hakuitwa hata mmoja wao aseme.

Wako Ujiji watu wa asili ya Kimanyema, na wazee wao walikuwa na mengi ya kusimulia. Mwaka ule wa 1889 wengi waliovushwa walikuwa wangali hai, na njia ya kuwafikia ilikuwa ile ile aliyoipita Stanley.