Programu za kunoa akili: zinavyoundwa, na pale zinapogota

Programu za mazoezi ya akili zimeshaingia kwenye simu zetu. Mzazi huambiwa zitamtuliza mwanawe darasani, na mzee huahidiwa kwamba hatasahau. Kabla ya kulipa, ndugu msomaji, ni vyema kujua zinaundwa vipi na zimethibitika kufanya nini.

Muundaji huanza kwa kuchagua uwezo mmoja, kama vile kumbukumbu ya muda mfupi, umakini au wepesi wa kung'amua unachokiona. Kisha hutunga zoezi. Taa huwaka moja moja kwenye skrini, nawe unazigusa kwa mpangilio ule ule. Ukipatia, huongezwa, ukikosea, hupunguzwa. Hapo ndipo kompyuta inapoishinda karatasi, kwani kila mtu hupewa ugumu wa kiasi chake. Torkel Klingberg wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, alichapisha mwaka 2002 utafiti wa njia hii kwa watoto wenye tatizo la umakini.

Kazi ngumu ni kupima. Nchini Marekani, utafiti uitwao ACTIVE uliwagawa wazee 2,832 katika makundi manne: la kumbukumbu, la kufikiri, la wepesi kwa kompyuta, na lisilofunzwa chochote. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kila kundi limeimarika katika kile kile lilichofunzwa. Miaka 10 baadaye, faida ya kufikiri na ya wepesi ilikuwa ingalipo, lakini ya kumbukumbu ilikuwa imekwisha. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu 11,430 waliofanya mazoezi kwa wiki sita huko Uingereza. Waliboreka katika michezo yenyewe, si katika uwezo mwingine.

Ni kama bao: ukilicheza kila jioni utakuwa fundi wa bao, lakini hesabu za duka hazitajifanya zenyewe.

Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kutangaza faida isizoweza kuzithibitisha.

Basi muulize muuzaji: mlipima maisha ya kila siku au alama za mchezo? Mlilinganisha na watu wasiotumia programu yenu? Na mzee akianza kupotea njia ya msikiti aliyoizoea, mpeleke hospitali kwanza. Simu itasubiri.