Kutoka Umbo hadi Mwangaza: Rangi za Fluoresenti katika Historia ya Utambuzi wa Apoptosisi na Mkazo wa Oksidishaji

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walichapisha makala iliyoipa sayansi istilahi ya apoptosisi, yaani kifo cha seli kilichoratibiwa. Ushahidi wao ulikuwa wa umbo: seli husinyaa, kiini hugawanyika vipande, na mabaki humezwa na seli jirani. Utambuzi ulitegemea jicho la mtazamaji kwenye hadubini.

Miaka ya 1990 ililigeuza swali la umbo kuwa swali la alama za kikemia. Mwaka 1992 Gavrieli na wenzake walianzisha mbinu ya TUNEL, ambapo kimeng'enya huunganisha nyukleotidi zenye alama kwenye ncha za DNA iliyokatika. Mwaka huohuo Fadok na wenzake walionyesha kuwa fosfatidilserini, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, hujitokeza nje ya limfosaiti zinazokufa. Kwa msingi huo, mwaka 1995 Vermes na wenzake waliitumia aneksini V yenye fluoresini pamoja na propidiamu ayodidi. Seli inayopokea aneksini pekee bado ina utando mzima. Inayopokea zote mbili imepoteza uzima huo, iwe kwa apoptosisi iliyokomaa au kwa nekrosisi.

Kipimo cha mkazo wa oksidishaji kilitangulia. Keston na Brandt walitumia diklorofluoresini kupima haidrojeni peroksidi mwaka 1965. Bass na wenzake wakaiingiza ndani ya neutrofili mwaka 1983.

Hata hivyo, mwangaza haukuwa sawa na ukweli. Mwaka 1995 Grasl-Kraupp na wenzake walibaini kuwa TUNEL huwaka pia katika nekrosisi. Mwaka 2003 Zhao na wenzake walionyesha kuwa superoksidi, ikikutana na haidroethidini, haizalishi ethidiamu kama ilivyodhaniwa, bali zao jingine linalotoa nuru nyekundu inayokaribiana nayo. Diklorofluoresini nayo huoksidishwa kwa msaada wa chuma na vimeng'enya, hivyo nuru yake haipimi peroksidi peke yake.

Matokeo yake ni mazito: dawa yaweza kusifiwa kwa kuua seli za saratani kwa utaratibu, kumbe imezipasua tu. Kwa hiyo historia hii inathibitisha kuwa rangi moja hutoa dalili, si hukumu; hoja husimama pale alama mbili au zaidi, pamoja na sampuli za udhibiti, zinapokubaliana.