Polisi wa nchi mbili wakishirikiana, mwananchi wa Pwani ajue nini?

Kila balozi wa nchi ya nje anapopigwa picha akikabidhi magari au vyeti vya mafunzo kwa polisi wetu, sisi watu wa Pwani huipokea habari hiyo kwa hisia mbili. Tunafurahi, kwa kuwa Kikambala mwaka 2002 na Mpeketoni mwaka 2014 ni vidonda vyetu, na mihadarati inayoshushwa ufuoni inamaliza vijana wetu. Papo hapo tunaingiwa na hofu, kwa sababu kuna nyumba ambazo mpaka leo zinamngoja baba au mwana aliyechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha.

Mimi siupingi ushirikiano huo. Mhalifu havui viatu akifika mpakani, na polisi wa nchi moja hawawezi kumfuata peke yao. Ninalotaka kulieleza leo ni kwamba ushirikiano una njia zake za kisheria, na madhara tuliyoyapata yalitokea pale njia hizo ziliporukwa.

Interpol

Wengi wetu tunadhani Interpol ni polisi wa dunia wanaoruka na ndege kukamata watu. Sivyo. Ni shirika la polisi wa mataifa kupashana habari, na makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa. Ile notisi nyekundu tunayoisikia redioni ni ombi tu: mtu huyu anatafutwa, mkimwona mzuieni. Kila nchi huamua kwa sheria zake itafanya nini. Katiba ya Interpol, kifungu cha 3, inakataza shirika hilo kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya kikabila. Anayeona jina lake limewekwa kwa sababu hizo anaweza kulalamika kwa tume maalumu inayokagua kumbukumbu za shirika.

Kukabidhiana washukiwa

Hapa ndipo penye uzito. Kenya ina sheria mbili za kumkabidhi mshukiwa kwa nchi nyingine: Sura ya 76, inayohusu majirani na mataifa ya kigeni, na Sura ya 77, inayohusu nchi za Jumuiya ya Madola. Msingi wake ni kwamba nchi inayomtaka mtu hutuma ombi, mtu huyo hufikishwa mbele ya hakimu wetu, ushahidi huangaliwa, naye huwa na wakili na nafasi ya kupinga. Isitoshe, Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, unakataza kumpeleka mtu mahali ambapo kuna sababu nzito za kuamini kwamba atateswa.

Sasa tazama yaliyotendeka. Mapema mwaka 2007, watu wasiopungua 90 waliokuwa wakikimbia vita vya Somalia walipakiwa kwenye ndege Nairobi, wakarudishwa Somalia, na wengi wao wakaishia jela za Ethiopia. Walikuwemo wanawake na watoto. Baadaye wengi waliachiliwa bila kushtakiwa. Mwaka huo huo Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa alipelekwa Guantanamo, akakaa huko hadi Desemba 2024, akarudishwa nyumbani bila kufunguliwa mashtaka.

Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70, Wakenya kadhaa walivushwa hadi Uganda bila hakimu wa kwetu kusikiliza ombi lolote la kuwakabidhi. Mtetezi wa haki Al-Amin Kimathi alikwenda kufuatilia kesi yao, naye akakamatwa hukohuko na kuzuiliwa mwaka mzima.

Wako watakaosema hao ni washukiwa wa ugaidi, waache waende. Basi tuchukue kesi ya ndugu wawili wa familia ya Akasha. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani. Kesi ya kuamua kama wakabidhiwe ilikuwa bado haijamalizika mahakamani pale serikali ilipowasafirisha New York, Januari 2017. Huko walikiri makosa ya mihadarati, wakafungwa miaka 25 na 23. Sitawalilia. Lakini dirisha walilotolewa ndilo lililotumiwa mwaka 2007 kuwatoa wasio na hatia. Na ukilizoea dirisha, hutauliza tena nani anapitishwa. Novemba 2024 mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alitekwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala.

Misaada na masharti yake

Mkono mtupu haulambwi, na serikali yetu inaijua methali hii. Jambo ambalo wananchi wengi hawalijui ni kwamba msaada wa kipolisi huja na masharti. Marekani ina sheria inayojulikana kwa jina la aliyekuwa Seneta Patrick Leahy. Inakataza kusaidia kikosi chochote cha usalama cha nchi ya nje kikiwa na taarifa za kuaminika kwamba kimeua watu kiholela, kimetesa, kimebaka au kimepoteza watu. Sheria hiyo hulenga kikosi husika, si nchi nzima, na msaada unaweza kurudi iwapo serikali itawachukulia wahusika hatua za kweli. Uingereza nayo, tangu mwaka 2011, ina mwongozo unaowataka maafisa wake wapime hatari ya mateso na kesi zisizo za haki kabla ya kutoa msaada wa kiusalama.

Masharti haya hayajitekelezi yenyewe. Yanahitaji taarifa: kikosi gani, kituo gani, tarehe gani. Familia ikinyamaza, kikosi hicho hubaki safi kwenye karatasi.

Nasi pia tumekuwa watoaji. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2699 Oktoba 2023, likaruhusu ujumbe wa kimataifa ulioongozwa na Kenya kwenda Haiti. Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliuzuia mpango wa kupeleka polisi huko kwa kuwa hapakuwa na mkataba kati ya nchi hizi mbili, na mkataba ukatiwa saini Machi 1. Kikosi cha kwanza kilitua Port-au-Prince Juni 25, 2024, siku ileile polisi walipowapiga risasi waandamanaji nje ya Bunge letu Nairobi.

Mtu wako akichukuliwa

Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama kama muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Nenda kituoni mara moja, andikisha ripoti na uchukue nambari ya OB. Andika saa, mahali, nambari ya gari na majina ya mashahidi. Peleka malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, na kwa mashirika ya haki yaliyo karibu nawe. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. Haki hiyo, kwa mujibu wa kifungu cha 25, haiwezi kupunguzwa na sheria yoyote, ya ugaidi ikiwemo. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kumfungulia kesi mtu asiyeweza kujitetea, bila ada ya kuifungua.

Wabunge wetu nao wana deni. Februari 2007, wakati zile ndege zikiruka Nairobi, Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa kwa nguvu. Mpaka leo haijauridhia. Mgombea akija kuomba kura, muulize atafanya nini kuhusu mkataba huo kabla hujamwahidi chochote.